Nyuzi Nzito za Mwanasaumu

Mwanasaumu binti Boga alikuwa mshona makuti wa Likoni, na mwaka wa 1960, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, alivua vikuku vyake viwili vya fedha akanunua gitaa. Mtaani habari zilienea kabla gitaa lenyewe halijateremka kwenye feri. Mjane akinunua cherehani, watu wangemwelewa. Akinunua mbuzi, wangempongeza. Lakini gitaa la nini?

Mwenyewe alijua la nini. Marehemu mumewe, Mwidani, alikuwa akipiga gitaa katika bendi moja ya dansi kule Changamwe, na kwa miaka tisa ya ndoa yao alimfundisha mkewe ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Kwanza kwa mzaha, baadaye kwa bidii, alipoona kwamba mkewe anashika upesi kuliko wanabendi wenzake. Mwidani alipofariki kwa homa, bendi ikaja kulichukua gitaa, kwa kuwa lilikuwa mali ya bendi. Mwanasaumu akakaa eda mpaka ikaisha, akarudi kwenye makuti yake, na kwa miaka miwili vidole vyake vikawa vinajiendea vyenyewe juu ya ufito kila akili inapopumzika.

Tena alikuwa na shoga yake, Waridi, mwenye sauti ya kupasua ukuta. Waridi na wanawake sita wa mtaa walikuwa wakiimba kwenye arusi kwa tari na makofi. Kila arusi kubwa wapigaji wanaume hukodiwa, wakaketi barazani, na wanawake waliomo uani huambulia kinachopenya ukutani. Wanaume wakichoka, wanawake nao wamechoka. Wakitaka kuvuta sigara, arusi inasimama.

“Tungepata chombo kimoja tu cha kutushikia sauti,” Waridi alikuwa akisema, “tungewaacha na sigara zao.”

Aliyeliuza gitaa alikuwa Kioko, Mkamba wa Changamwe aliyewahi kupiga bendi moja na Mwidani. Sasa Kioko alikuwa amepata gitaa la umeme na lile la zamani limemjazia chumba. Lilikuwa la Kijerumani, la aina ambayo watu wa jazi waliita gitaa la kifua. Ubao wake wa juu haukuwa bapa. Ulichongwa ukatuna kama kifua cha njiwa, na badala ya tundu la duara lilikuwa na mipasuo miwili iliyojipinda, mmoja kila upande, kama fidla. Nyuzi zilianzia kwenye mkia wa chuma, zikapanda juu ya daraja la mti mweusi, kisha zikafuata shingo. Daraja hilo halikugundishwa wala kupigiliwa msumari. Lilikaa pale kwa kukandamizwa na nyuzi tu.

“Nimekuwekea nyuzi za nailoni, mama,” Kioko alimwambia. “Hii ni laini. Ni ya wanawake.”

Neno hilo halikumpendeza Mwanasaumu, lakini alikuwa na haraka ya feri, akalinyamazia.

Mwezi huo huo wakaalikwa kwa Nyamvula, mama mmoja wa mtaa wa pili aliyekuwa akimwoza bintiye. Ilikuwa baada ya Alasiri. Ua ulijaa watu mpaka milangoni, sufuria zikigongana, watoto wakilia, vigelegele vikipanda na kushuka. Waridi akaanza kuimba, tari zikaingia, na Mwanasaumu akapiga.

Hakuna aliyesikia kitu. Mwenyewe aliona vidole vinakwenda, akahisi mtetemo kwenye mbavu zake, lakini sauti ilifia mapajani. Nyuzi za nailoni zilikuwa nyepesi mno kuusukuma ubao ule uliotuna. Akazidisha nguvu. Akakwaruza. Mara daraja likateleza, nyuzi zote sita zikalegea kwa pamoja, na kile kipande cha mti mweusi kikarukia sakafuni, kikabingirika ta, ta, ta, hadi chini ya kiti cha mama wa bwana arusi.

Ua mzima ukacheka. “Mpeni kuti ashone!” akasema mmoja nyuma, wakacheka upya.

Mwanasaumu akainuka, akaliokota daraja, akalifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akarudi mahali pake akapiga makofi mpaka wimbo ukaisha, maana Waridi hakuwa ameacha kuimba, naye hakutaka kumwacha peke yake. Machozi hayakumtoka. Kilichomjaa kifuani kilikuwa hasira, na hasira hiyo hakuielekeza kwa waliocheka. Aliielekeza kwa zile nyuzi, na kwa yeye mwenyewe aliyekubali kuambiwa lipi ni la wanawake.

Asubuhi yake akaja Mbwana, kaka mkubwa wa marehemu. Mbwana alikuwa mtu mzito wa maneno, mwenye shamba la minazi nyuma ya msikiti, na humo ndimo Mwanasaumu alimokuwa akipata makuti ya kushona tangu siku aliyoolewa.

“Shikamoo, shemeji. Karibu ukae.”

“Marahaba. Sikai. Nimesikia ya jana. Likoni nzima imesikia.”

“Laiti wangesikia,” akasema Mwanasaumu. “Walichosikia ni daraja kuanguka. Gitaa hawakulisikia, na hilo ndilo linaloniudhi.”

Mbwana akamtazama kama anayemtazama mtu aliyejibu swali la mwenzake. “Mwanasaumu, mke wa ndugu yangu hawezi kuwa kichekesho cha maarusi. Liuze gitaa hilo. Na kama huliuzi, basi minazi yangu usiiguse.”

Nje kuku alikuwa akichakura.

“Minazi ni yako, shemeji,” akasema Mwanasaumu. “Gitaa ni langu.”

Mbwana akaondoka bila kuaga. Siku iliyofuata Mwanasaumu alikwenda Mtongwe kwa miguu, kwa mzee mmoja aitwaye Ngowa aliyekuwa na minazi michache, wakapatana. Kutoka hapo kila juma alikuwa akirudi na mzigo wa makuti kichwani, mwendo wa saa nzima juani, akipita mbele ya shamba la shemejiye, na akifika hapo hupunguza mwendo kidogo makusudi, ili aonekane vizuri.

Alipopata nafasi akalifunga gitaa kwenye shuka pamoja na daraja lake, akavuka feri kwenda kisiwani. Nyuma ya soko palikuwa na duka la vyombo vya muziki la Mgoa mmoja, Bwana Caetano, mzee mwembamba mwenye miwani ya fremu ya waya, aliyewahi kupiga fidla kwenye meli. Wapigaji wa mahoteli wote walinunua kwake. Mwanasaumu akaliweka gitaa juu ya meza ya kioo.

“Nataka nyuzi zitakazolitoa hili sauti.”

Bwana Caetano akalifunua shuka, akaligonga gitaa kifuani kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akavua miwani. “Hili ni chombo kizuri, bibi. Nani alilitia nailoni?”

“Aliyeliuza.”

“Alikosea. Hili ni la nyuzi za chuma.” Akatoa pakiti tatu, akazipanga. Za kwanza, alieleza, zimezungushiwa utepe bapa wa chuma. Ni laini kama kioo, kidole kikiteleza hakitoi mlio, na wapigaji wa jazi hotelini hawataki nyingine. Za pili zimezungushiwa waya mweupe wa duara. Za tatu zimezungushiwa waya wa shaba. “Chukua hizi bapa. Hazitakukwaruza vidole.”

“Nizisikie kwanza.”

“Pakiti haifunguliwi, bibi. Ikifunguliwa imeuzwa.”

“Basi nifungulie zote tatu,” akasema Mwanasaumu. “Nitanunua zote tatu. Lakini leo utanifungia uzi wa nne wa kila aina, mmoja baada ya mwingine, na wewe ndiwe utakayepiga.”

“Mimi? Na wewe?”

“Mimi nitakuwa ng'ambo ya barabara.”

Bwana Caetano alidhani hakusikia vizuri. Lakini yule mwanamke tayari alikuwa ametoka. Alivuka barabara, akasimama kando ya mahamali waliokuwa wakipakua magunia ya vitunguu, akaligeuzia duka mgongo. Mikokoteni ilikuwa ikipita, mwuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, na mtu mmoja alikuwa akimfokea mwenziwe kwa sababu ya gunia lililopasuka. Ndivyo zilivyo kelele za arusi, hata zaidi. Akainua mkono juu.

Mzee wa watu akaketi mlangoni, akafunga uzi bapa, akaukaza, akapiga. Mwanasaumu akasikia kitu mfano wa mtu anayesema ndani ya mto wa pamba. Kilikuwa kitamu, lakini nguvu yake iliishia kwenye mtaro wa mbele ya duka. Akainua mkono tena. Uzi mweupe ulivuka barabara, ila ulifika umekonda, na mkokoteni wa kwanza ukaufunika. Akainua mkono mara ya tatu.

Uzi wa shaba ulimpiga mgongoni. Hamali mmoja akageuka na gunia begani kutazama ni nini.

Mwanasaumu akarudi. “Hizo.”

“Lakini bibi, ukiwa karibu zinaumiza sikio. Ni kali.”

“Mimi sipigii sikio langu.”

Bwana Caetano akacheka, kisha akakumbuka kazi yake. Akatafuta kwenye saraka ya meza, akatoa pakiti nyingine ya shaba. “Basi chukua hizi nyembamba. Hizo nilizokujaribia ni nzito, ni za mtu mwenye mkono. Nyuzi za wanaume.”

“Zina ndevu?”

“Bibi…”

“Nakuuliza, Bwana Caetano. Zina ndevu?” Akaweka viganja vyake juu ya kioo, akavigeuza. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu na zenye kung'aa kama ngozi ya kisigino, zimechanika na kupona mara zisizo na hesabu kwa chane za makuti. “Nimeshona makuti tangu kabla sijavunja ungo. Waya wako utanifanya nini?”

Mzee akavitazama vidole vile kwa muda mrefu. Akaacha kubishana juu ya vidole, akahamia kwenye gitaa. Nyuzi nzito zinavuta, alisema. Shingo dhaifu hupinda kama upinde. Mwanasaumu akalinyanyua gitaa, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu wake, kama anavyotazama ufito kabla ya kuushonea. Ilikuwa imenyooka. Na ilitengenezwa kwa vipande vitatu vya mbao vilivyobanwa pamoja, mstari wa katikati ukiwa mweusi. Akamwonyesha. Bwana Caetano akatazama naye, akatikisa kichwa kukubali.

“Jambo moja basi,” akasema, na safari hii alisema kama mwalimu. “Kwenye pakiti nyembamba uzi wa tatu uko uchi, ni waya mtupu. Kwenye hii nzito uzi wa tatu nao umevishwa shaba. Usije ukachanganya. Daraja lako limechongwa kwa uzi wa tatu uliovishwa. Ukiweka ulio uchi, utalilinganisha gitaa kutwa na halitakubali.”

“Ahsante. Hilo sikulijua,” akasema Mwanasaumu, na alimaanisha. Akalipa pakiti zote tatu kama alivyoahidi.

Nyumbani alifanya kazi hiyo mchana, juu ya mkeka, na Waridi akimtazama. Daraja lilikwisha kuhama mahali pake, kwa hiyo ilimbidi apatafute. Mwidani alikuwa amemwambia kwamba kutoka kwenye mfupa unaobeba nyuzi juu ya shingo mpaka kwenye chuma cha kumi na mbili, katika vile vyuma vinavyokatiza shingo, ni nusu ya safari, na daraja hukaa safari inapokwisha. Akachana ukindu mwembamba, akapima nusu ya kwanza, akaukata, akauhamisha kupima nusu ya pili, akatia alama kwa mkaa. Kisha akalisogeza daraja nyuma kidogo, upande wa nyuzi nene zaidi kuliko upande wa nyembamba, akifuata sikio. Akafunga uzi mmoja, akaukaza nusu. Akafunga wa pili, akaukaza nusu. Wa mwisho ulipoingia akaanza kuzikaza zote pole pole, kwa zamu. Mbao zikalia. Waridi akaziba uso.

“Litapasuka, Mwanasaumu!”

“Na lipasuke. Halafu tutajua.”

Halikupasuka. Daraja likajikita kana kwamba limeota pale. Alipopiga kwa mara ya kwanza, kikombe kilichokuwa juu ya kabati kikatetemeka, na jirani akauliza kupitia dirishani kuna nini. Ncha za vidole zilimwaka moto siku tatu, hata na ugumu wake wote. Siku ya nne zikanyamaza. Kwa kuwa chumvi ya pwani huila shaba ikawa kijani, akawa anazifuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila anapomaliza, uzi mmoja mmoja, na hakumruhusu mtu mwingine kuzigusa.

Mbwana hakuwa amekata tamaa. Mwezi mmoja baadaye alitokea tena, na safari hii alikuja na Kioko.

“Kioko amekubali kulichukua gitaa lake,” akasema Mbwana akiwa bado mlangoni. “Atakurudishia ulichompa. Hakuna aliyepoteza.”

“Gitaa lake liko kwake, la umeme,” akajibu Mwanasaumu. “Hili la hapa ni langu. Lakini ndugu Kioko ni mgeni, amevuka maji. Karibu, kaa, lijaribu.”

Akampa. Kioko akalipokea kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa zamani, akalipakata, akabana nyuzi kwa mkono wa kushoto, akapiga. Gitaa likakoroma. Akabana tena, akiuma mdomo. Vidole vyake vilikuwa vimezoea nyuzi nyembamba za gitaa la umeme, ambazo hazitaki ila kuguswa; hizi zilimkatalia. Akajaribu wimbo aliokuwa akiupiga kila Jumamosi, ukavunjika katikati. Akautikisa mkono wake hewani.

“Mama, umeweka waya wa simu hapa?”

“Nimeweka nyuzi zake.”

Mwanasaumu akalichukua, akaketi, akampigia wimbo ule ule kutoka pale alipoukatizia. Hakuharakisha. Aliupiga mpaka mwisho wake, na Kioko alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza, huku akijisugua vidole. Ulipokwisha, Kioko akamgeukia Mbwana.

“Mzee, mimi hapana nunua hii. Hii iko na mwenyewe.”

Mbwana akageuka akaondoka. Jioni ile alipeleka ujumbe kwamba Mwanasaumu asikanyage nyumbani kwake na chombo kile, leo wala kesho.

Kesho aliyoiwazia ilikuwa arusi ya Mwanarehema, binti yake wa pili, iliyobakiza majuma machache. Mbwana alikodi bendi ya wanaume kutoka ng'ambo, pamoja na vipaza sauti na mashine ya kutoa umeme, ikawekwa barazani. Wanawake wakaambiwa watasikia vizuri tu, vipaza sauti ni vikubwa. Siku mbili kabla ya nikahi, Mwanarehema alimtuma mwanamke mmoja kwa Mwanasaumu, na jibu lilipochelewa akaja mwenyewe, amejifunika buibui mpaka machoni, kinyume cha desturi ya bibi arusi.

“Mama mdogo, hina yangu nataka unipigie wewe.”

“Babako amenikataza kuingia na gitaa kwake.”

“Najua. Ndiyo sababu nimekuja. Amekukataza kwake. Amekukataza hapa kwako?”

Mwanasaumu akamtazama yule msichana. Alimjua tangu akitambaa; hakuwa akijua kwamba ana moyo wa namna hiyo. “Wallahi, hapa hajanikataza. Lakini atakukasirikia maisha.”

“Maisha ni yangu, mama mdogo. Hina ni siku moja.”

Basi siku ya hina, baada ya Adhuhuri, bibi arusi alitoka nyumbani kwa babake kwa mlango wa uani, na somo wake, kungwi wake wa arusi, na wenzake wanne. Nyuma yao wakatoka wanawake wawili waliokuwa wakipaa samaki. Kisha waliokuwa wakitwanga. Kisha Nyamvula, ambaye kwenye arusi ya bintiye ndiko daraja la gitaa lilikoanguka, naye alikuwa wa kwanza kubeba sinia la hina. Ilipofika Alasiri, nyumbani kwa Mbwana walibaki wanaume barazani, mashine ya umeme ikinguruma, na vyungu visivyo na mtu wa kuvikoroga.

Uani kwa Mwanasaumu hapakuwa na pa kuweka mguu. Mwanarehema aliketi kwenye kitanda cha kamba, mikono ameinyoosha, hina ikichorwa. Waridi akatupa ubeti wa kwanza, tari zikapokea, na gitaa likaingia. Liliingia kwa kishindo. Lilipanda juu ya tari, juu ya vigelegele, juu ya watoto, likamshika Waridi sauti na kumbeba, na wale waliokuwa nyuma kabisa, karibu na choo, wakasimama juu ya vinu ili wamwone apigaye. Mwanasaumu alikuwa amefumba macho. Kila alichopiga kilimrudia kutoka ukutani.

Katikati ya wimbo wa tatu ikasikika sauti nje ya ua. Ilikuwa ya Mbwana.

“Mwanasaumu! Nyamazisha hilo gitaa! Rudisheni binti yangu!”

Kuingia hawezi, wanawake wamejifunua, na heshima yake mwenyewe ilimzuia kwenye kizingiti. Wote wakamgeukia Mwanasaumu. Waridi akanyamaza, na tari moja ikaendelea peke yake kidogo, nayo ikakoma.

Mwanasaumu hakuinuka. “Shemeji,” akasema kwa sauti ya kusikika nje, “binti yako yuko salama, anatiwa hina na mama zake. Ikikauka atarudi. Wewe nenda ukakoroge chungu.”

Kisha akapiga. Wanawake walipaza vigelegele vilivyomfukuza kila kunguru mtaani, na Waridi akaushika wimbo palepale. Mbwana alibaki nje akisema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, kwa kuwa nyuzi ziliyafunika. Alisimama pale, walivyosimulia wapita njia, muda wa nyimbo mbili nzima. Halafu akaenda zake. Wali wa siku ile, wanaume waliula umeungua.

Mbwana alimwoza bintiye kama ilivyopangwa, lakini hakumsemesha Mwanasaumu tena kwa muda wa mwaka na nusu, na minazi hakumrudishia kamwe. Jambo hilo lilimuuma Mwanasaumu kuliko alivyokiri, kwa kuwa Mbwana alikuwa na sauti ya marehemu, na akimsikia akikohoa njiani, moyo humruka. Hata hivyo hakwenda kumwomba. Maarusi yalimjia mengi, ya Likoni na Mtongwe, hata Kisauni, ambako yeye na kina Waridi walikuwa wakipelekwa kwa lori wakiimba njia nzima.

Ikaja Desemba ya 1963. Likoni ilipangiwa sherehe yake mchana wa siku ya uhuru, katika uwanja wa mpira, na kamati ikawaalika kina Waridi waimbe. Siku tatu kabla, katibu wa kamati, kijana mwenye suti na kalamu mbili mfukoni, akaja na orodha yake.

“Nyinyi ni wa nne, baada ya shule. Mtaimba nyimbo mbili. Gitaa litapigwa na mtu wetu.”

“Mtu wenu yupi?” akauliza Mwanasaumu.

“Tutampata. Kutakuwa na wakubwa jukwaani, Bi Mwanasaumu. Haitapendeza mwanamke kupakata gitaa mbele za watu. Kwenye maarusi ni mambo ya ndani. Hii ni serikali.”

“Basi andika kwamba hatuji.”

Katibu akacheka, akidhani ni mzaha. Waridi hakucheka. Katibu alipoondoka, mashoga hao wawili wakagombana kwa mara ya kwanza maishani mwao.

“Uhuru huja mara moja, Mwanasaumu! Nimengojea kama wewe. Nataka kuimba pale.”

“Na mimi nataka kupiga pale. Nikimpa mtu gitaa langu siku hiyo, kesho nitamnyima kwa sababu gani? Wewe nenda, shoga yangu. Sitakukasirikia. Mimi siendi bila mikono yangu.”

Siku mbili Waridi hakupita hata mlangoni. Asubuhi ya siku yenyewe akaja amevaa kanga mpya, na wale wanawake sita nyuma yake, tari mikononi.

“Tumeulizana,” akasema. “Uwanjani hatuendi. Lakini kuimba tutaimba.”

Wakachukua mkeka, wakautandika kwenye barabara ya kutoka feri kwenda uwanjani, mahali inapojibana kati ya maduka, wakaketi. Mwanasaumu alikuwa ametia nyuzi mpya juma lile, shaba ing'aayo kama mchanga wa asubuhi. Mchana ulipoiva watu wakaanza kushuka kwenye feri kwa mamia, na bendera ndogo ndogo, na wake zao, na wazee wameshikwa mikono. Walipofika pale wakakuta njia imezibwa na muziki. Wengine waliruka mkeka wakaendelea. Wengine, na walikuwa wengi, walisimama. Mwanamume mmoja alinung'unika kwamba mwanamke hana haya, na mkewe akamwachia mkono akaenda kukaa mbele kabisa. Wenye maduka na makuli wakajazana kwenye vibaraza. Kutoka uwanjani hotuba zilikuwa zikisikika, lakini hapo hakuna aliyeyafahamu maneno.

Askari mmoja akapenya kati ya watu, kofia mkononi kwa joto.

“Mama, ondokeni barabarani. Watu hawapiti.”

“Nikimaliza,” akasema Mwanasaumu.

“Mtamaliza lini?”

Waridi alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya ubeti wa pili, naye Mwanasaumu akaubana uzi wa nne kwa nguvu, akaingia.